Alama 94 kwenye programu, 11 kwenye karatasi: kisa cha mwanafunzi wa mantiki kutoka Umoja, Nairobi

Alikuja na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa picha ya skrini aliyoichapisha saibani: mazoezi yote ya mantiki aliyopangiwa na mhadhiri, asilimia 94, kijani kitupu toka juu hadi chini. Ya pili ilikuwa CAT yake ya kwanza, yaani jaribio la katikati ya muhula, katika somo lilo hilo, 11 kati ya 30. Akazilaza mezani ubavu kwa ubavu, akaketi, akanyamaza. Aliyesema ni shangazi yake, ambaye ana kibanda cha mitumba Mutindwa na asubuhi hiyo alikuwa amemwachia jirani.

"Mwalimu, huyu mtoto analala saa nane usiku akibofyabofya hiyo programu. Bando nanunua mimi. Sasa uniambie, ni mashine inamdanganya ama ni yeye ananidanganya mimi?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu nililompa. Nilimwambia kwamba kijana wa mwaka wa kwanza huingiwa na baridi kwenye chumba cha mtihani, atazoea. Nikampangia binti mazoezi zaidi kwenye programu ileile. Baada ya wiki mbili alama zake zilikuwa zimepanda hadi 97. Nikampa karatasi tupu na swali moja la kawaida kabisa, akaitazama dakika kumi na mbili, akanirudishia ikiwa na jina lake na tarehe. Wiki hizo mbili nilizipoteza mimi, si yeye.

Nieleze kwanza huyu ni nani. Anasomea sayansi ya tarakilishi katika chuo kikuu kimoja cha hapa mjini. Hisabati yake ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ilikuwa B+, kwa hiyo tusianze kusema eti kichwa hakishiki. Somo lenyewe linaanza na wiki kadhaa za mantiki: majedwali ya ukweli (yanayopanga kila hali inayowezekana na kuonyesha kama sentensi ni kweli au si kweli), kutafsiri sentensi za kawaida kuwa alama za mantiki, halafu uthibitisho wa hatua kwa hatua. Chuoni kwake, kama ilivyo katika vyuo vyetu vingi, CAT hubeba alama 30 na mtihani wa mwisho 70, na ukianza na 11 unapanda mlima huku umebeba gunia. Programu sitaitaja jina, kwa sababu nitakayoyasema yanahusu programu nyingi za aina hiyo. Inafunguka kwenye kivinjari, hata cha simu, na inakagua kazi papo hapo: ukiwa sawa unaona kijani, ukikosea nyekundu.

Wazo la mashine kukagua mantiki si geni. Patrick Suppes wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kufundisha kozi ya mantiki kwa tarakilishi mwaka 1972: mwanafunzi anaandika hatua, mashine inasema kama hatua hiyo inatokana na zilizotangulia. Mantiki inafaa kwa kazi hiyo kuliko insha au historia, kwa sababu hatua ama inaruhusiwa na kanuni ama hairuhusiwi. Ndiyo maana sikuishuku programu. Ilikuwa inasema kweli kila mara ilipowasha kijani. Kosa langu ni kwamba sikujiuliza inasema kweli kuhusu nini.

Jumamosi moja tukakutana maktaba ya Buruburu. Nikamwomba afanye mazoezi kama anavyofanya usiku, mimi niketi kando nisiseme kitu.

Akaanza na jedwali la ukweli lenye herufi tatu, kila herufi ikisimamia sentensi moja, yaani safu nane. Kidole gumba chake kilikuwa na kasi ya mtu anayetuma pesa kwa nambari anayoijua kwa moyo. Safu ya kwanza kweli, kijani. Ya pili kweli, nyekundu, akageuza ikawa si kweli, kijani. Ya tatu si kweli, kijani. Ya nne si kweli, nyekundu, akageuza. Chini ya dakika moja jedwali lote lilikuwa kijani na programu ikampa alama kamili. Nikamwuliza kwa nini safu ya nne ni kweli. Akaangalia juu, akaangalia safu ya nne, akasema, "Kwa sababu ile nyingine ilikataa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kisanduku cha jedwali la ukweli kina majibu mawili tu. Ukikiweka chini ya mkaguzi anayejibu mara moja, na ukaruhusiwa kugeuza bila gharama, hakuna kisanduku utakachokikosa. Mtoto wa darasa la pili angepata mia kwa mia. Asilimia 94 ile haikuwa ya udanganyifu, maana hakunakili popote, hakumlipa mtu. Ilikuwa alama ya kugeuza.

Watu wameshachunguza jambo hili. Mwaka 2004 Ryan Baker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon waliwatazama wanafunzi wakitumia programu ya kufundishia hisabati, wakakuta kwamba waliozoea kutega majibu kwa kubahatisha haraka au kubofya vidokezo hadi jibu litokee walijifunza takriban theluthi mbili tu ya kile walichojifunza wenzao waliofanana nao. Kilichonishangaza mimi mwalimu wa zamani wa chaki ni kwamba kupiga gumzo na jirani hakukuhusiana na hasara ya kiasi hicho. Nimewafukuza darasani watoto wangapi kwa gumzo, na wale waliotulia wakibahatisha nikawasifu?

Tukahamia kwenye uthibitisho, na hapa tatizo lilikuwa la aina nyingine. Nilimpa kwenye karatasi hoja ambayo hata shangazi angeikubali bila kusomea: akipata mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, atalipa karo, akilipa karo atafanya mtihani, basi akipata mkopo atafanya mtihani. Akaandika yale madai mawili ya mwanzo, akayapa nambari vizuri, akapiga mstari. Kisha akakwama.

"Mwalimu, kwenye programu hapa huwa kuna sanduku."

"Na hilo sanduku linawekwa na nani?"

"Linakuja."

Linakuja! Uthibitisho wa mtindo huu, ambao vitabu vingi huuchora kwa mistari ya wima alivyofanya Frederic Fitch mwaka 1952, una hatua moja ambayo ndiyo roho yake: kudhania. Ukitaka kuthibitisha "ikiwa mkopo, basi mtihani," unasema: haya, tuchukulie amepata mkopo. Unaingia ndani ya dhana hiyo, na hilo ndilo sanduku, kama mtu anayeingia nyumba ya wenyewe, unafanya kazi yako, ukitoka unaacha kila kitu ulichokikuta isipokuwa matokeo. Kuamua udhanie nini ndiyo kazi ngumu. Baada ya hapo ni kama kushuka mteremko: amepata mkopo, basi analipa karo, basi anafanya mtihani, toka nje, umemaliza.

Sasa, programu hii ilikuwa na huruma. Ukigusa hitimisho lenye mshale, alama ya "ikiwa... basi...," inafungua sanduku yenyewe, inakuandikia dhana mstari wa kwanza, na mstari wa mwisho inakuwekea unakotakiwa kufika. Anayebaki na kazi ya katikati hajachagua chochote. Binti huyu alikuwa amemaliza thibitisho arobaini na zaidi bila hata siku moja kuamua adhanie nini, na CAT ilimwuliza hilo hasa. Waliotengeneza programu bila shaka walitaka kumpunguzia mwanafunzi uchovu wa kuandika. Wakampunguzia na somo.

Nikarudi kumtazama kwa siku mbili zaidi, na sehemu ya tatu, ile ya kutafsiri sentensi, ndiyo iliyonipa kazi na pia ndiyo niliyoifurahia zaidi.

Sentensi za mazoezi ziko kwa Kiingereza, na mitihani pia. Mbili zilikuwa zikimwangusha kila mara: zile zenye "only if" na zile zenye "unless". Kwenye programu alikuwa amekariri kwa macho: akiona "unless" anajaribu mshale upande huu, ukikataa anaugeuza. Kwenye karatasi hakuna kinachokataa. Nikamwuliza maneno hayo yana maana gani kwa Kiswahili. Akasema "only if" ni "kama tu," na "unless" ni "isipokuwa." Tafsiri za kamusi, sahihi, na hazikumsaidia hata kidogo.

Nikaacha kalamu. Nikamwambia, msichana wangu, kuna kijana Kasarani anataka umtembelee. Umemwambia: "Nitakuja tu ukinituma nauli." Akatuma. Hukwenda. Umesema uongo?

Akacheka kwa aibu, maana hakuna kijana wa Nairobi asiyejua habari ya kula nauli. "Hapana... sijui. Nimekula nauli tu."

Umekula nauli, ndiyo, na watu wa Kasarani watakusema. Lakini maneno yako hayajavunjika. Ulisema kuja kwako kunahitaji nauli. Hukusema nauli inatosha kukuleta. Ungekuwa mwongo siku gani? Akafikiri. "Nikienda na hajanituma." Hasa. Basi mshale unatoka wapi kwenda wapi? Akaandika bila kusita: kuja, mshale, nauli. Ikiwa amekuja, basi nauli ilitumwa. Alikuwa ameiandika kinyume mara nyingi sana, na leo kwa mara ya kwanza alijua kwa nini ni kinyume.

Kisha nikamwonyesha kitu ambacho nadhani wengi wetu tunakiongea kila siku pasipo kukiona. Kiswahili kina kiambishi kinachofanya kazi hiyo yote ndani ya kitenzi kimoja: -sipo-. "Usiponituma nauli, siji." Hapo masharti na ukanushaji vimeshonwa pamoja. Sentensi ya Kiingereza yenye "unless" ni ngumu kwa sababu inaficha "si" ndani ya neno lisilofanana na "si." Kiswahili hakifichi. Kila ukikutana na "unless," ivunje iwe -sipo-, halafu andika unachosikia: kama hajatuma, basi haji. Na ukiilinganisha na ile ya "only if" utakuta ni kitu kimoja: kuja kunadai nauli, bila nauli hakuna kuja. Akazichora zote mbili kwenye jedwali la safu nne, kwa penseli, bila mashine, nguzo zikalingana herufi kwa herufi. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kwa nini mhadhiri hakuwaambia. Sikuwa na jibu la heshima.

Siku hiyohiyo nilimpa fumbo la Peter Wason la mwaka 1966, lile la kadi nne zenye herufi upande mmoja na nambari upande wa pili, unapewa kanuni ya "ikiwa herufi hii, basi nambari ile" na kuulizwa ni kadi zipi za kugeuza ili kuikagua, ambalo watu wazima wenye shahada hulikosa. Akalikosa. Nikalivalisha nguo za Umoja. Kanuni ya gari ni kwamba anayeshuka awe amelipa. Makanga anatazama abiria wanne: mmoja anashuka, mmoja ameketi ametulia, wa tatu makanga anajua amelipa, wa nne makanga anajua hajalipa. Wa kuangaliwa ni nani? "Anayeshuka, na yule hajalipa, uone kama anatoroka." Na aliyelipa? "Wa nini? Ashuke, asishuke, shauri yake." Umbo la fumbo ni lilelile. Kwenye kadi alikuwa amegeuza ile inayolingana na aliyelipa, na kosa hilo ni pacha wa kosa lake la "only if": kuusoma mshale kama njia ya pande mbili.

Si kwamba Kiswahili kinatatua kila kitu. Kina mitego yake. "Wanafunzi wote hawajalipa karo": je, hakuna hata mmoja aliyelipa, au ni kwamba si wote waliolipa? Nimeuliza watu watano mezani kwangu nikapata majibu ya aina zote mbili, na mmoja aliyekasirika kwamba nauliza. Kwa alama za mantiki ni sentensi mbili tofauti kabisa. Tulikubaliana kwamba kabla ya kuandika alama yoyote ataiandika upya kwa "hakuna aliye..." au "si wote walio...," achague moja, na kama mwenye sentensi hakuchagua, aseme hivyo kwenye karatasi ya mtihani.

Hatukuiacha programu. Kuna mwalimu mwenzangu aliyenishauri tuifute kabisa, na nadhani alikosea. Karatasi nayo ina uongo wake: unaweza kuandika ukurasa mzima wa upuuzi kwa mwandiko mzuri na usijue hadi wiki tatu baadaye. Tulichobadilisha ni mpangilio. Kila zoezi linafanywa kwanza kwa penseli hadi mwisho, sanduku na dhana vikiwa vya mkono wake, ndipo linaingizwa kwenye simu. Nilipochokoa mipangilio nikakuta mahali pa kuzima ukaguzi wa papo hapo, ukabaki ule wa mwisho unapowasilisha. Tukazima. Nyekundu ikitokea, haruhusiwi kugusa skrini kabla ya kuandika kwenye daftari sababu ya kukataliwa, hata kama ni sababu ya kubuni. Kidokezo aombe kama ameshakaa dakika kumi bila kusonga. Sehemu hii ya mwisho aliivunja mara nyingi, na aliniambia kila alipoivunja, kwa hiyo sikumlaumu.

Faida moja hatukuipanga. Zoezi linapakiwa mara moja, linafanywa karatasini, linarudishwa mara moja. Bando la wiki likaanza kufika wiki. Na jioni stima ilipopotea kazi haikusimama.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kumaliza mazoezi kumi kwa usiku. Sasa anamaliza mawili, na moja kati ya hayo ni jekundu. Aliniambia anahisi amerudi nyuma. Nilimwambia amekaa palepale alipokuwa, isipokuwa sasa taa imewashwa. Hakupenda jibu hilo na sidhani lilikuwa jibu zuri.

CAT ya pili alipata 19 kati ya 30. Nimeipitia karatasi yenyewe. Majedwali yote sawa. Tafsiri za "unless" na "only if" zote sawa, na pembeni ya moja ameandika kwa penseli nyepesi "-sipo-" halafu akaifuta nusu. Uthibitisho wawili kati ya watatu amemaliza; wa tatu ulihitaji adhanie kinyume cha anachotaka kuthibitisha ili agonge mwamba wa ukinzani, na hapo bado anaogopa kuingia. Alikopoteza zaidi ni kwenye "kila" na "kuna" zinapokaa pamoja. Aliandika kwamba kuna makanga mmoja wa matatu zote alipotakiwa kusema kwamba kila matatu ina makanga wake. Hilo bado tunalo.

Wiki iliyopita alinitumia picha ya daftari. Hoja ilikuwa hii: kama ana tikiti, halipi mlangoni; amelipa mlangoni; basi hana tikiti. Aliifunga kwa hatua moja, programu ikawasha nyekundu. Zamani angegeuzageuza hadi ikubali. Safari hii alikuwa amechora jedwali la safu nne chini yake, akazungushia safu moja tu ambayo madai yote mawili ya mwanzo ni kweli, na ndani yake hitimisho pia ni kweli. Akaandika: "Mwalimu, hoja ni nzima. Imekataa vile nimeiandika." Na alikuwa sahihi. Kanuni aliyoitaja inataka uione wazi kanusho la "halipi," yaani "si kweli kwamba halipi," na yeye alikuwa na "amelipa" tu. Kwa binadamu ni kitu kimoja, kwa mashine inayolinganisha maumbo ya sentensi ni vitu viwili. Akaongeza mstari mmoja wa ukanushaji mara mbili katikati, akawasilisha, kijani.

Jaribio lile la kwanza lilihesabiwa kuwa kosa, kwa hiyo wastani wake kwenye programu umeshuka tena. Sasa uko 78. Shangazi ameiona hiyo namba na amenipigia simu.